Nyimbo Nane Bila Mguu wa Pedeli

Mimi si mtu wa muziki, tuelewane mapema. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule na mashati ya watu wa ofisini, na ukiniambia nikutajie nyimbo ninazozijua, vidole vya mkono mmoja vitatosha na vingine vitabaki. Lakini kuna dhuluma moja niliyoishuhudia kwa macho yangu haya mawili, na tangu siku ile namsimulia kila anayeingia hapa kupimwa. Wengine huondoka kabla sijawashika hata kiuno. Waende zao. Wewe vuta kigoda, ukae.

Aliyedhulumiwa ni mdogo wangu. Tumetoka tumbo moja, mimi wa kwanza, yeye kitinda mimba. Jina lake la kwenye vyeti hakuna anayelikumbuka. Mtaa mzima wanamwita Pedeli kwa sababu ya miguu yake. Mchana ni fundi kama mimi, meza yake inatazamana na yangu, na suruali zote za duka hili ni kazi ya mkono wake. Jioni na siku za mapumziko alikuwa akipiga dramu kwenye bendi ya dethi metali.

Najua, najua. Hata mimi nilikunja uso hivyohivyo nilipoambiwa. Huo ni muziki ambao magitaa yanakwaruza, dramu zinakimbia kana kwamba zinafukuzwa na polisi, na mwimbaji haimbi, ananguruma kama mtu aliyekwamwa na mfupa kooni. Bendi yao inaitwa Usaha. Ndiyo, usaha, huuhuu wa kwenye kidonda! Albamu ya kwanza wakaiita Jipu. Nikamwuliza, "Hivi mdogo wangu, majina mazuri yote yameisha?" Akacheka mpaka akatoka machozi. "Dada, ukiita kitu kizuri kwenye muziki huu watu hawaji."

Sasa, ili uelewe nilivyokasirika, lazima nikuambie miguu ile ilitoka wapi.

Mama yetu alifanya kazi miaka thelathini na minane kwenye kiwanda cha sare. Ukumbi mmoja, mashine mia mbili za umeme, na hakuna aliyewapa hata pamba ya kuziba masikio. Mwaka aliostaafu, ungeweza kugonga mlango kwa nyundo na yeye akaendelea kumenya viazi. Hasikii kabisa. Anasoma midomo, tena anasoma kweli, hata ukinong'ona. Kwetu, ukitaka kumsengenya Mama lazima kwanza umpe kisogo.

Nyumbani alikuwa na cherehani cha miguu, kile cheusi cha zamani, na ndicho alichotufundishia sisi wawili. Hakuhitaji kutusikia. Alikuwa anaweka kiganja chake mezani, anatazama zake dirishani, na anajua kila kitu. "Unakimbia." "Mguu wa kushoto umelala." Na neno ambalo tulilichukia kuliko yote, "Hujafunga."

Kufunga ni hivi. Ukishona mshono ukafika mwisho, usipoufunga, uzi utachomoka na nguo itafumuka. Vyerehani vya siku hizi vina kitufe cha kurudi nyuma. Kile cha Mama hakikuwa nacho. Ilibidi ufike mwisho, usimame kidogo, unyanyue kile kichuma kinachokandamiza kitambaa, uvute kitambaa nyuma, halafu ukanyage tena mara mbili juu ya pale ulipokwisha kupita. Unasimama, kisha mbili. Kila mshono, kila siku, tangu mdogo wangu ana miaka tisa na miguu yake inafika chini kwa shida. Kwa Mama, fundi asiyefunga mshono ni mwizi aliyevaa futi shingoni.

Basi mtoto aliyelelewa hivyo akaja kukutana na dramu zenye pedeli mbili, moja kwa kila mguu. Wenzake walihangaika miaka kuizoesha miguu kwenda mbio. Yeye alikaa siku ya kwanza akaanza kukanyaga kama aliyepewa oda ya sare mia tatu. Mtu mmoja akapiga kelele, "Huyu ana cherehani humo ndani!" Kuanzia hapo akawa Pedeli.

Jipu ilipotoka, alimletea Mama nyumbani. Akaweka spika kubwa mezani, akachukua kiganja cha Mama akakiweka juu yake. Mama akatulia. Mimi nilikuwa nimeziba masikio, sikufichi. Baada ya dakika moja Mama akatabasamu, akasema kwa ile sauti yake kubwa ya watu wasiosikia, "Huyu ni wangu!" Mdogo wangu aliishi kwa maneno yale mawili matatu miaka minne. Hakuna tuzo uliyoweza kumpa ikazidi hapo.

Halafu goti la mguu wa kulia likaanza kuvimba. Daktari akatuonyesha picha, akaeleza kwamba gegedu, ule mto laini unaokaa kati ya mifupa, umelika wote. Kukanyaga cherehani kutwa nzima, kisha dramu kwa mguu uleule, miaka kumi na saba. Atampasua, akasema, na atatembea vizuri, na atashona kwa cherehani cha umeme kinachotaka kuguswa tu. "Lakini hizo ngoma zako za mbio, ndugu yangu, zisahau. Goti hilo halitazirudia."

Mdogo wangu akauliza kitu kimoja tu. "Upasuaji unaweza kusubiri wiki tatu?"

Maana walikuwa wanaingia studio kurekodi albamu ya pili, nyimbo tisa. Tulipotoka pale akanishika mkono kwenye ngazi. "Dada, Mama umwambie ni upasuaji tu. Hilo la kutopiga tena asilijue. Kwanza aisikie albamu." Nikakubali. Na nilielewa vizuri, hata mimi nisiyejua muziki: zile nyimbo tisa ndizo mahali pekee mguu ule utakapobaki. Baada ya hapo, basi.

Albamu yenyewe iliitwa Waya Uchi. Walitaka kuchanganya dethi metali yao na elektroniki, yaani milio ya kompyuta, vinanda vinavyovuma kama friji bovu, sauti zinazokatikakatika. Wala usidhani naichukia kompyuta. Wazo lilikuwa zuri, Pedeli mwenyewe alilipenda, alikuwa ananichezea vipande vyake hapa dukani mpaka wateja wanauliza kama umeme una hitilafu.

Bendi ni watu wanne. Anayenguruma wanamwita Koromeo. Mchana ni mhudumu wa maktaba, kazi yake ni kuwaambia watu wanyamaze. Mpiga gitaa na kiongozi wao ni Miwani, anauza miwani, hakuna siri hapo. Huyo amesoma dawati moja na mdogo wangu, amekula kwetu, sare yake ya shule niliishona mimi. Na wa nne, mgeni wao wa albamu hii, ni Fundi Simu. Anatengeneza simu kibandani mbele, na nyuma yake kuna chumba kilichokuwa cha baridi cha duka la nyama, ukuta mzima ameubandika magodoro ya zamani. Hiyo ndiyo studio. Humo ndani kunanuka jasho na nyama ya miaka ile.

Nilimpeleka mdogo wangu kila siku na kumrudisha. Nilikaa kwenye benchi nje ya ule mlango mnene nikipinda mapindo ya sketi. Akimaliza wimbo mmoja anatoka, anakaa kando yangu, nampa barafu kwenye mfuko wa plastiki aweke gotini. Goti limefura, jekundu, limeng'aa. Anasaga meno. Kisha anarudi ndani. Nyimbo tisa! Siku ya mwisho tulimbeba, mimi bega hili, Koromeo bega lile. Naye anacheka, macho yamejaa machozi, anasema, "Zimekaa, Dada. Zote zimekaa."

Alipasuliwa wiki ileile. Baada ya wiki tatu hivi wakamtumia nyimbo nane kwenye simu, na ujumbe kuwa wa tisa bado unapikwa. Nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda. Akavaa vile vya masikioni, akasikiliza. Nikamwona anasikiliza tena. Nikauliza, "Vipi?" Akasema, "Zimetoka safi," akageukia ukutani. Nikadhani ni maumivu.

Jumapili mchana Mama akadai zamu yake. Akavuta kiti mwenyewe, akafuta spika vumbi kwa upindo wa kanga, akaweka kiganja. Nikawasha.

Wimbo wa kwanza ukapita, Mama uso mkavu. Wa pili. Katikati ya wa tatu akaninyooshea kidole nizime. Akamtazama mdogo wangu kitandani, akauliza, "Nani huyu?"

"Ni mimi, Mama."

Mama akamsoma midomo, akatikisa kichwa. "Huyu simjui," akasema. Akaondoa kiganja, akakifuta kwenye nguo, akaenda jikoni.

We! Nimeona mdogo wangu akianguka kutoka juu ya mti, nimemwona akimzika baba yetu, lakini uso ule sijawahi kuuona. Akasema polepole, "Dada, nilidhani ni dawa za maumivu zinanichanganya. Nimesikiliza mara kumi na mbili. Kila pigo ni la kwangu na hakuna hata moja la kwangu. Kuna kitu hakipo, na sijui ni kitu gani."

Nikafanya kama Mama. Nikaweka kiganja juu ya spika nikaangalia dirishani. Haikuchukua muda.

"Hujafunga," nikamwambia.

"Nini?"

"Mwisho wa kila mzunguko wa mapigo. Wewe ukifika mwisho, kama kwenye cherehani, huwa unasimama kidogo, halafu unakanyaga mbili. Hapa hamna."

"Mimi nafanya hivyo?"

Nikatafuta Jipu, nikaweka. Kila mwisho wa mzunguko: kimya kidogo, mbili. Kimya kidogo, mbili. Akabaki mdomo wazi. Miaka yote ile mguu ulikuwa unajua, yeye mwenyewe hajui! Hakuwahi kuambiwa na mtu, maana aliyeufundisha mguu ule hasikii, na mimi niliyejua nilikuwa nimeziba masikio.

Sasa hapo damu ikanichemka. Jumatatu asubuhi sikufungua duka. Nilikaa kwenye cherehani dakika tano, nikashona vipande viwili vya kitambaa, nikavitia mkobani, nikamwambia mdogo wangu, "Chukua magongo yako, twende."

Tuliwakuta wote watatu mle kwenye magodoro, Koromeo amevaa maikrofoni kichwani, anajiandaa kuingiza maneno ya wimbo wa tisa. Wakashangilia kumwona Pedeli. "Karibu, mgonjwa! Dada, shikamoo!" Shikamoo yao sikuiitikia. Nikamwuliza Fundi Simu moja kwa moja, "Umezifanya nini dramu za mdogo wangu?"

Akatabasamu, maskini, kama mtu aliyengoja kusifiwa. "Nilizinyoosha tu, Dada." Akatuonyesha kwenye kioo cha kompyuta, vimistari vimejipanga kama meno ya chanuo. "Kila palipopinda nikapanyoosha. Halafu sauti ya kila pigo nikaweka iliyo safi zaidi, ya kutoka kwenye kompyuta. Palikuwa na makosa mengi, tena mahali palepale kila mara, mwisho wa kila mzunguko. Anachelewa, halafu anaongeza mapigo mawili. Nikajua ni goti linamsumbua. Nilimwonea huruma."

Huruma! Ati alimwonea huruma!

"Wewe kijana," nikamwambia, "kosa linalotokea palepale, kila mara, kwa kipimo kilekile, tangu albamu ya kwanza ambayo bila shaka umeisikia, bado unaliita kosa? Mwenye kosa ni nani hapo?"

"Dada, duniani kote wanafanya hivi..."

"Dunia yote haikukalia benchi langu na mfuko wa barafu!" Nikatoa vile vitambaa. "Haya, shika hiki. Vuta."

Akavuta. Mshono ukafunguka wote, uzi ukabaki unaning'inia kwenye kidole chake.

"Shika na hiki. Vuta. Vuta kwa nguvu, hujala?"

Akavuta mpaka vidole vikawa vyekundu. Wapi! Nikamwonyesha mwisho wa mshono, pale uzi uliporudi mara mbili. "Hiki ndicho ulichokifuta. Huyu alifundishwa na mama yake kufunga akiwa na miaka tisa. Hapa alikuwa hachelewi. Alikuwa anafunga."

Aliyeanza ni Koromeo. Akavua maikrofoni taratibu, akaiweka chini, kisha akalipuka kwa ile sauti yake ya kazini, nami kwa mara ya kwanza nikaipenda. "Wiki tatu! Wiki tatu naingia kabla ya wakati, au nachelewa! Mimi huvuta pumzi kwenye yale mapigo mawili! Nilidhani koo limekufa. Nimekwenda kwa daktari wa koo. Nimekunywa tangawizi mpaka natoka jasho lake. Wiki nzima sikusema neno kazini, na hakuna hata mmoja aliyegundua! Na nyinyi mnanitazama tu mnasema, 'Rudia, Koromeo, rudia'?"

Mdogo wangu alikuwa amejiegemeza kwenye godoro, magongo yote mkono mmoja. Akauliza kwa utaratibu, "Za mwanzo ziko wapi? Nilizopiga mimi."

Fundi Simu akamtazama Miwani. Miwani akatazama viatu vyake.

"Nilihifadhi hizi juu ya zile," akasema Fundi Simu. "Kompyuta ilikuwa imejaa."

"Imejaa nini?" nikauliza.

Koromeo akainama kwenye kioo, akabonyeza mawili matatu. Michezo. Michezo ya magari, haki ya nani! Nyimbo nane zilizopigwa na goti linalotokota zimefutwa ili magari ya kuchezea yapate pa kuegesha. Ulionusurika ni wimbo wa tisa peke yake, kwa sababu Fundi Simu alikuwa hajaufikia.

Nikadhani hapo ndipo mwisho wa ubaya. Kumbe! Mdogo wangu akamgeukia Miwani. "Ulijua?"

Miwani akavua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena. Huyo ndiye niliyemshonea sare. "Tuseme ukweli, Pedeli. Daktari amekuambia hutapiga tena. Jukwaani itapiga kompyuta, hatuna njia nyingine. Tukaona ni vizuri watu wauzoee mlio wake kuanzia kwenye albamu. Tungekuambia ukipona. Hatukutaka kukuumiza."

"Kwa hiyo mlinizika," akasema mdogo wangu, "na mimi niko kitandani nawangoja mniletee nyimbo zangu."

Mimi nilisema maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa, vitambaa hivi ni vya watoto wa shule. Nilimwambia Miwani chakula chote alichokula kwetu kimekwenda bure. Nilimwambia kama alitaka mashine, si angeiambia mashine ijitese wiki tatu na barafu? Kama mguu haukuwa na kazi, mbona waliungoja? Mbona hawakumwacha akapasuliwe mapema? Mpaka leo, tukikutana barabarani, Miwani huvuka upande wa pili. Avuke tu.

Lakini mdogo wangu ana moyo wa baba yetu, akikasirika hushusha sauti. Akasema, "Sitaki kitu kingine. Nataka jalada liseme ukweli. Wimbo wa kwanza mpaka wa nane, andikeni: dramu, kompyuta. Wa tisa, andikeni: dramu, Pedeli. Na huo wa tisa asiuguse mtu."

Miwani akaruka. "Utatuaibisha! Watu wanatujua kwa dramu zako!"

"Ndiyo maana sitaki muwadanganye kwa jina langu."

"Haiwezekani. Jalada limeshachorwa."

Koromeo akaokota godoro dogo alilokuwa amesimama juu yake, akalikunja kwapani kana kwamba anahama nyumba. "Basi na sauti yangu itoke," akasema. "Mtafute kompyuta ya kunguruma."

Jalada likabadilishwa. Siku ileile, mbele yangu. Nilisimama nyuma ya kiti cha Fundi Simu mpaka akamaliza kuandika, na nikamrekebisha aliposahau herufi.

Waya Uchi ikatoka. Ukitaka kuona vituko vya walimwengu, soma walichoandika mashabiki kwenye mtandao. Mmoja akasifu zile nane, ati dramu ni kali, hazikosei hata mara moja. Mwingine akasema wimbo wa tisa ni mzuri ila una kasoro za hapa na pale, mpigaji anasitasita. Anasitasita! Nilitaka nimtafute mpaka kwao nimfungue vifungo vyote vya shati. Mdogo wangu akaniambia, "Dada, wacha," akaendelea kushona. Sasa anashona kwa cherehani cha umeme, anagusa tu kwa ncha ya kiatu cha kushoto. Mguu wa kulia ameunyoosha pembeni, hauna kazi.

Mama hakutaka kuisikia tena ile albamu. Ilibidi nimbembeleze siku mbili. Akaja hapahapa dukani alasiri moja, akakaa kwenye hicho kigoda ulichokalia wewe, spika tukaiweka kwenye meza ya kukatia. Kabla sijawasha nikamwambia nitauchezesha wimbo wa mwisho tu. Akakataa. Akasema kama ni kazi ya mwanawe ataisikiliza yote, kuanzia mwanzo. Basi akaweka kiganja na kuzipitia zile nane, moja baada ya nyingine, kwa adabu, kama mtu anayengoja zamu yake benki. Mdogo wangu alikuwa nyuma yake, kwenye mashine, anajifanya anashona, na mashine haitoi sauti.

Ukaingia wa tisa. Mzunguko wa kwanza ukafika mwisho, kimya kidogo, mbili.

Mama akanyanyua kichwa. Mguu wake wa kulia ukaanza kukanyaga sakafu, wenyewe. Mzunguko wa pili, wa tatu, kila mwisho anasimama naye, anakanyaga mbili naye, wala hasikii chochote.

"Huyu ni wangu!" akasema kwa sauti, mpaka mwenye duka la jirani akachungulia. "Huyu ndiye! Hao wengine walikuwa nani? Mbona mnampa mwanangu wimbo mmoja, nane mnawapa wageni?"

Nikamwambia ni hadithi ndefu. Akasema nirudie. Nikarudia. Akasema tena nirudie, nikarudia mara ya tatu, na mara ya nne, kiganja hakibanduki. Kisha akanivuta kwa mkono wa gauni ili anione mdomo vizuri, uso umemkunjuka kama wa msichana.

"Goti likishapona," akauliza, "si atatupigia nyingine tisa kama hii?"

Nyuma yake mdogo wangu aliinamia suruali, akashika kitambaa kwa mikono miwili, hakutazama. Na mimi, mwenye mdomo huu unaousikia, niliyewatoa jasho watu watatu kwenye chumba cha magodoro, nilijifanya natafuta mkasi. Nikampa Mama kisogo.